Chumvi ya Mwadingusha

Mpaka leo, ukiuliza pale Likasi, kambini kwa wafanyakazi wa kampani, habari za mke wa Floribert, utajibiwa kwa swali: "Ule mwenye kutilia bwana yake chumvi?" Jina lake hawalikumbuki. Watu wetu wana kichwa chepesi kwa makosa ya mwanamke na kizito kwa mengine yote. Basi mimi nitalitaja. Aliitwa Émilienne, mzaliwa wa Mulungwishi, binti wa seremala wa misheni, na siku aliyoolewa alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ndoa ilifungwa Likasi, Jumamosi ya pili ya Agosti, mwaka 1974. Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali miaka hiyo, na tai pia. Kwa hiyo padri aliwaita kwa majina ya mababu zao kama karatasi zilivyotaka, na walipotoka tu mlangoni shangwe zikawaita Floribert na Émilienne kama kawaida. Floribert alikuwa fundi wa mabomba kiwandani, kijana mrefu wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye meno mazuri na aibu nyingi. Alivaa koti la kijivu lililofungwa mpaka shingoni. Mkononi alishika kitambaa cheupe, na padri alipofika kwenye kiapo ilibidi angoje kidogo, maana bwana arusi aligeuka pembeni akakohoa. Watu wakacheka. Walisema ni woga, mwanamume yeyote hukohoa akionyeshwa mzigo wake.

Émilienne naye alicheka chini ya shela. Alikuwa na furaha, na sioni kwa nini nisiseme hivyo wazi. Baba yake alikuwa amekataa wachumba wawili kabla ya huyu, mmoja kwa ulevi na mwingine kwa sababu katika ukoo wao watu watatu walikufa kwa ugonjwa wa kifua. "Mutoto wangu sitamupeleka mu nyumba ya kikohozi," alisema mzee yule, na akisema neno hakulirudia. Lakini Floribert, mzee alimkubali mara moja. Kijana wa kampani, mwenye nyumba ya matofali na posho ya kila mwezi, msali, asiyelewa, ulitaka amkatae kwa lipi?

Kambini wanawake waliimba mpaka jua likashuka. Palikuwa na kuku, bukari, yaani ugali, wa mahindi meupe, na kinywaji cha munkoyo ndani ya mapipa mawili. Aliyempokea bibi arusi mlangoni alikuwa Tantine Alphonsine, shangazi wa Floribert. Ndiye aliyemlea kijana huyo tangu mama yake alipofariki, akimbeba mgongoni sokoni Kikula huku akiuza mihogo. Alimshika Émilienne mkono akamwambia, "Nakupatia roho yangu. Uichunge." Émilienne akajibu kwamba ataichunga, na alimaanisha.

Usiku wa kuamkia siku ile bibi yake alikuwa amemfundisha mambo ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Mengi hayanihusu kuyaandika. Lakini moja ni lazima msomaji alijue. Mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi katika chakula cha mumewe. Anapika, lakini chumvi inatiwa na mtoto, au na mwanamke mwingine. Akiitia yeye, mume atashikwa na kifua, atakohoa mpaka akauke. Na ili mume ajue bila kuambiwa, maana mambo hayo hayasemwi kwa mdomo, mke hutundika ukutani shanga nyekundu. Bibi yake alimpa shanga hizo zimefungwa katika kitambaa, na Émilienne akaziweka chini kabisa ya sanduku lake.

Jumatatu wakaondoka kwenda Mwadingusha. Majirani walishangaa. Safari ya baada ya arusi ni mambo ya Wazungu. Sisi mtu akioa, Jumatatu anapanda baiskeli anakwenda kazini. "Munaenda kutafuta nini kule?" waliuliza wake za kambini. "Kitanda hakuna hapa?" Lakini Floribert alikuwa ameomba ruhusa ya siku saba, na mjomba wake Barnabé, aliyefanya kazi ya kuchunga milango ya maji kwenye bwawa la umeme la huko, alikuwa ameahidi kuwaachia nyumba. Mke wa Barnabé alikwenda kijijini kwenye matanga pamoja na watoto wote, naye mwenyewe angelala kwa mwenzake. Wakapanda lori la wachuuzi wa samaki, Émilienne mbele kwa dereva, Floribert nyuma juu ya vikapu vitupu, na vumbi likawapaka wote rangi moja.

Siku tatu za kwanza zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizopata kuishi, na alipozeeka bado alisema hivyo. Nyumba ilitazama ziwa. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji, wavuvi wakipita katikati ya vigogo vya miti iliyokufa. Floribert alimwonyesha jinsi maji yanavyoporomoka kwenye mabomba makubwa kwenda kugeuza mitambo, akieleza kwa mikono miwili, akisahau aibu yake. Walipopanda ngazi za kurudi alisimama mara tatu. Alisema anataka kuangalia maji. Émilienne akasimama naye akaangalia maji, na hakuona ila maji.

Siku ya nne akaamka katika siku zake. Akakumbuka shanga, na papo hapo akakumbuka mahali zilipo: Likasi, ndani ya sanduku, chini ya mashuka. Alikuwa amefungasha kwa furaha, na furaha haina kumbukumbu. Hata hivyo hakuhangaika sana, kwa maana walikuwa na mkate na chai, na mchana wangekula ndizi. Saa nne Mjomba Barnabé akatokea na samaki wawili wakubwa wamening'inia kwenye waya, wabichi, bado wanapanua midomo. "Leo nakula kwa muko wangu," alisema, maana yake mkwe, akaketi kibarazani na Floribert.

Sasa wewe unayesoma utasema, angemwita mumewe ndani akamnong'oneza. Utasema pia, angekwenda kwa jirani. Ni rahisi kwako, umeketi. Mjomba wa mume ni mkwe wa kuheshimiwa kuliko baba. Mbele yake bibi arusi wa siku tano hasimami mlangoni na kumwita mwanamume kwa kidole. Na majirani wote wenye watoto walikuwa upande wa pili wa mfereji. Kumpelekea mkwe samaki asiye na chumvi ni tusi; angesema amepewa chakula cha mgonjwa. Émilienne alisimama mbele ya mbabula ya makaa, samaki wakichemka, chumvi iko kwenye kopo. Mwishowe akachukua kijiko. Alijiambia kwamba bibi yake alisema mkono, hakusema kijiko. Akachota kwa kijiko, akatia, akakoroga, na kile kijiko akakitupa nyuma ya nyumba kwenye majani.

Barnabé alikula vipande vitatu akalamba vidole. Floribert alikula kimoja. Jioni Floribert akakohoa.

Hapo ndipo dunia ya Émilienne ilipopasuka. Alikuwa amelala pembeni yake, akisikia kikohozi kile kinachimba kutoka chini, na akajua ni yeye aliyekiita. Alitaka kusema. Lakini angesema nini? Kwamba aliyekabidhiwa roho ya mtu Jumamosi ameshaiua Alhamisi? Floribert akamwambia ni baridi ya ziwa, alale.

Jumapili wakarudi Likasi, na Jumatatu king'ora cha kiwanda kikalia saa kumi na mbili kasoro, na maisha ya kila siku yakaanza. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na jiko nje, kwenye mstari wa nyumba ishirini zilizofanana. Émilienne alijifunza foleni ya bomba la maji, siku ya posho, jirani wa kusalimiwa na jirani wa kuogopwa. Alitwanga sombe, majani ya mihogo, alifua nguo za kazi zilizojaa harufu ya kiwanda, alimfungia Floribert chakula kwenye kopo na kumtazama akipanda baiskeli. Chumvi hakuigusa tena, awe katika siku zake au asiwe. Alimwita binti wa jirani kila siku aje atie, mpaka yule binti akachoka akauliza kama mikono yake ina vidonda.

Haikusaidia kitu. Septemba Floribert alikohoa asubuhi. Oktoba, mvua ya kwanza iliponyesha, alikohoa mchana na usiku, na mashavu yakaingia ndani. Bukari alimega matonge mawili akasukuma sahani. Majirani waligonga ukuta kwanza kwa kuudhika, kisha hawakugonga tena, na kutogonga kule kulimtisha Émilienne zaidi. Jumanne moja alikuta beseni la kuogea limeoshwa na kupinduliwa juani. Floribert hakuwahi kuosha beseni maishani mwake. Kwenye ukingo palikuwa na damu kidogo.

Alimsihi aende kwenye zahanati ya kampani. "Nitaenda," alisema Floribert. Aliposihiwa tena alisema, "Kazi ni mingi, nitaenda." Mara ya tatu alimkaripia, yeye asiyejua kukaripia, halafu akaomba msamaha, halafu hakwenda. Akachukua siku zake za likizo zilizobaki, akakaa nyumbani na blanketi mabegani, Oktoba hiyo yenye joto.

Tantine Alphonsine akaja kumtazama na hakuondoka. Huyu mama hakuwa mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Alilala sakafuni karibu na mlango ili amsikie mtoto wake akipumua. Alipika uji, alimsugua kifua kwa mafuta ya mawese, alisali rozari. Na siku ya tano, akiwa anachambua mboga na Émilienne nje ya jiko, aliuliza bila kuinua macho. "Mutoto wangu, hakuna kintu mulikosea? Hii kifua minye naijua. Hii haiko kifua ya baridi."

Émilienne alikuwa hajalala sawasawa tangu Agosti. Kisu kikamponyoka. "Tantine, ni minye," alisema. "Nalitia chumvi. Kule Mwadingusha, mu siku zangu. Nalitia na kijiko." Akalia kwa sauti, akipiga magoti kwenye maganda, na kwa kweli alihisi nafuu, kwa maana alidhani ugonjwa ukijulikana jina utapona.

Tantine alimalizia kuchambua mboga. Kisha akasema, "Asante kusema," akaingia ndani, na tangu saa ile hakumwita tena mutoto wangu.

Jumapili baada ya misa ukoo ukakutana katika kile chumba cha mbele: Tantine, kaka zake wawili, na Mjomba Barnabé aliyeitwa kutoka bwawani kwa sababu alikuwa shahidi wa samaki. Floribert aliketi kwenye kiti chenye mikono, amefunikwa. Émilienne akapigishwa magoti katikati, akayarudia yote, kijiko na kila kitu. Barnabé alijikuna kichwa. "Lakini mi nalikula ile samaki," alisema. "Nalikula kumupita Floribert. Na niko muzima."

"Chumvi ya muke inamutafuta bwana," Tantine alijibu. "Weye haukumuoa." Huo ukawa mwisho wa utetezi wa Barnabé.

Émilienne alimtazama mumewe. Katika watu wote wale alikuwa anangoja neno lake peke yake, hata liwe la hasira. Floribert alitazama sakafu. Ikaamuliwa aitwe mama mmoja wa nje ya mji mwenye dawa za mambo hayo. Akaja na mizizi, akaichemsha, wakainywa wote wawili kutoka kikombe kimoja, mke akisema mbele ya mashahidi: ni mimi niliyemharibu. Alisema mara tatu, kama alivyotakiwa.

Na tazama, Floribert akapata nafuu. Siku nne alikula. Akavaa nguo za kazi, akapanda baiskeli, kambi nzima ikatoka kumwangalia, na wanawake wakapiga vigelegele kuona desturi haijafa. Siku ya tatu ya kazi alianguka na baiskeli yake kwenye mteremko, karibu na reli, na wenzake wakamrudisha wamemshika makwapa, damu imeloa mbele ya koti. Sasa kambini wakasema mke hakuungama yote. Pengine si chumvi tu. Pengine kuna mwanamume. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao zisigusane na yake.

Alhamisi, saa za mchana, Tantine alikwenda nje ya mji kumtafuta mama wa dawa kwa mara ya pili. Émilienne alipasha maji akamletea mumewe beseni, akaanza kumwosha miguu. Miguu ile ilikuwa imebaki mifupa. Akaikumbatia, akaanza tena kuomba msamaha, maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Inuka," alisema Floribert.

Hakuinuka.

"Inuka, Émilienne. Haiko chumvi." Alipumzika kupata pumzi. "Hii kifua niko nayo toka Pasaka. Nalitema damu mu juma ya Pasaka, ku kazi. Infirmier, munganga wa pale, alinipatia karatasi nipite radio, bapige picha ya kifua. Nalipasula ile karatasi."

Alisikia, lakini maneno yalichukua muda kumfikia. Pasaka. Ilikuwa kabla ya mahari, kabla ya baba yake kusema ndiyo, miezi minne kabla ya kijiko. Akakumbuka kitambaa cheupe mbele ya padri, na ngazi za bwawa, na mtu aliyesimama mara tatu kuangalia maji.

"Juu ya nini hukusema?"

"Baba yako angekatala. Weye unajua angekatala." Alianza kulia, machozi ya mtu mgonjwa, yasiyo na nguvu. "Nalikupenda. Nalisema, nitaoa kwanza, kiisha nitajitunza polepole."

"Na ile Jumapili? Nalipiga magoti mbele ya bantu, weye unaangalia chini."

"Tantine anijue muongo? Baba yako aje kukuchukua? Bantu baseme nalikuibia?" Akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa wa moto. "Weye ulishasema, Émilienne. Bantu balishazoea. Acha vile."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, lakini hawakusema kitu juu ya yule anayelala kitanda kimoja na mfichaji. Émilienne alibaki ameshika ule mguu. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi: alimpenda bado. Kisha akaelewa jambo jingine, polepole, akilifuata kidole kwa kidole. Kama ugonjwa ni chumvi, dawa ni mizizi, na hakuna haja ya zahanati. Kwa hiyo ungamo lake ndilo lililokuwa linamfungia Floribert mlango. Kila alipopiga magoti alikuwa anamwongezea siku za kufa.

"Twende lupitalo, ku daktari," alisema. "Leo."

"Batauliza ilianza lini."

"Baulize!"

"Hapana," alisema Floribert, akafunga macho. "Tutaona kiisha dawa ya Tantine."

Émilienne akamkausha miguu. Akamfunika. Akajifunga kitambaa kichwani na kutoka, kwa miguu, njia yote mpaka zahanati, akapita mbele ya watu waliongoja kwenye mabenchi, jambo ambalo binti wa Mulungwishi hakupata kulifanya, na kumwambia muuguzi wa kwanza aliyemkuta, "Bwana yangu anatapika damu na anakatala kuja. Mumukamate." Muuguzi huyo, mzee mmoja aliyeitwa Georges, alimtazama kwa muda akaandika namba ya nyumba.

Gari la wagonjwa lilikuja Ijumaa asubuhi. Tantine Alphonsine alisimama mlangoni na mikono imetandazwa, akipiga kelele kwamba wanampeleka mtoto wake kufa kwa sindano, kwamba mke huyu sasa anataka ammalize mbele ya daktari. Floribert hakupigana. Alipopitishwa kwenye machela alimtazama Émilienne, na macho yake hayakuwa na shukrani yoyote. Yalikuwa macho ya mtu aliyeuzwa. Mwishowe Tantine akapanda naye garini, na Émilienne akapanda pia na kikapu cha nguo.

Hospitalini walingojeshwa kwenye ukumbi mrefu wenye vitanda vya chuma. Daktari alikuwa amekwisha kumsikiliza kifua na kutikisa kichwa, akaagiza sindano zianze siku ileile, moja kila asubuhi kwa miezi. Akasema kwamba bado inawezekana. Émilienne aliposikia neno hilo alilirudia kimoyomoyo. Bado inawezekana! Alikuwa ameshamzika mara ngapi moyoni.

Tantine akamvuta pembeni. Alikuwa ameshika viatu vya Floribert kifuani kwake. "Sikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nalikubali hii lupitalo juu mambo ya chumvi tulishaimaliza mu jamaa. Lakini kama unaanza kumuharibishia mutoto wangu jina hapa, mbele ya bantu, namuvalisha bilatu yake tunarudia nyumba. Na hakuna mwenye atanikatala." Alikuwa anasema kweli. Wakati ule jamaa wakitaka kumwondoa mgonjwa wao, walimwondoa.

Mzee Georges, aliyefuatana na gari kutoka zahanati, akaja na faili na kalamu. Nyuma yake msaidizi aliweka sinia kwenye meza: pamba, kichupa, na sindano ya kwanza imekwisha kuvutwa dawa. Georges akaketi ukingoni mwa kitanda na kuuliza jina, umri, namba ya kazi. Floribert akajibu yote. Kisha mzee akauliza, bila haraka, kama alivyouliza watu mia kabla yake:

"Ulianza kukohola lini, papa?"

Émilienne alikuwa upande wa miguu ya kitanda, Tantine upande wa kichwa. Hakuna aliyesogea. Émilienne hakutaka kitu kikubwa. Hakutaka ukoo uitwe tena, wala wanawake wa bombani waje kumwomba radhi. Alitaka neno moja, Pasaka, lisemwe na mwenye kulijua, liandikwe na mtu asiyemfahamu, ili mahali fulani duniani, hata ndani ya kabati la hospitali, pawe na karatasi inayosema si yeye. Alimtazama mumewe kwa nguvu zake zote.

Floribert akamtazama yeye, kisha akamtazama Tantine na vile viatu.

"Kiisha ndoa," alisema.

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa munane. Tulikuwa Mwadingusha."

"Mbele ya pale hakuna kintu? Hakuna muntu alikutuma ku radio?"

"Hakuna. Nalikuwa muzima."

Georges akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa taratibu, na Émilienne aliisikia kalamu kwenye karatasi. Mzee akahesabu kidogo kwa vidole, Agosti mpaka Novemba, akakunja uso kwa kifua kilichoharibika upesi hivyo. Kisha akageuka, akamwangalia Émilienne kwa macho mapya, kuanzia kichwani mpaka miguuni, jinsi alivyokonda.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Mulungwishi."

"Hii ugonjwa haianguke toka mbinguni. Muntu analetea muntu. Kama bwana alikuwa muzima mpaka ku ndoa," akagonga faili kwa kalamu, "tutaanza na weye, tukupime. Pengine ni weye unamuletea."

"Munasikia!" alisema Tantine Alphonsine, akiuambia ukumbi mzima. "Hata munganga anaona!"

Midomo ya Émilienne ilifunguka. Maneno yote yalikuwa pale, yamejipanga: Pasaka, karatasi iliyopasuliwa, baba yake. Aliona mkono wa Tantine umekwisha kushika ncha ya blanketi. Aliona sindano kwenye sinia, haijachomwa bado. Floribert alikuwa amegeukia ukuta, na mabega yake yalitikisika, kwa kikohozi au kwa kitu kingine.

"Sawa," alisema Émilienne.

Akaweka kikapu chini, akamfuata msaidizi mpaka chumba cha mwisho, cha kupigia picha za kifua, kilichokuwa na giza na baridi. Nyuma yake alimsikia Georges akimwambia Floribert akunje mkono wa shati. Akavua blauzi yake. Akasimamishwa mbele ya bamba la chuma, kidevu juu, mikono kiunoni, na mwanamume mmoja nyuma ya pazia, asiyemwona uso, akamwambia avute pumzi aishike.

Akavuta. Akaishika.